Pointi za Pembeni

Kosa langu la kwanza katika mchezo huu wa mpira wa Kiaustralia, unaonipa ugali, nililifanya kabla sijavaa jezi ya timu yoyote: nilimficha dada yangu kanuni moja. Hulikumbuka kila ninaponusa ngozi iliyolowa. Siku za mvua chumba chetu cha kubadilishia nguo, hapa Melbourne, hunuka hivyo, na wenzangu hudhani nimenyamaza kwa kuogopa mechi. Woga nao upo, sikatai.

Utotoni tulikuwa tukikaa Rinkeby, kitongoji kipya huko Uswidi, majengo yakiwa bado yananuka saruji na rangi. Mama alikuwa anasomea uuguzi, akatuleta kutoka Voi mimi na Wakesho, mdogo wangu. Juu yetu aliishi kijana wa Kiaustralia, Graham, aliyepasua miamba kutengeneza njia ya treni ya chini ya ardhi. Tulimwita Anko. Jioni za kiangazi alishuka uani na mpira mwekundu, mrefu kama papai, akatufundisha kuuachia kutoka mkononi ukutane na mguu. Goli letu lilikuwa chuma cha uani chenye nguzo mbili, cha kutundikia na kukung'utia mazulia, na kila upande wake palikuwa na mti. Akina mama wa Kiswidi walisimama na mazulia yao mabegani, kama watu wanaosubiri mvua ipite.

Kiingereza nilikuwa nimekipata shuleni Voi, Wakesho bado. Kwa hiyo Anko alieleza, mimi nikamtafsiria. Mpira ukipita katikati ya chuma, alisema, ni pointi sita. Ukipita kati ya chuma na mti, ni pointi moja.

Hiyo ya pili sikuitafsiri. Siku ile haikuwa hila. Niliona ni upuuzi mtu kupewa kitu kwa kukosa. Mama alizoea kulalamika kwamba mimi hutandika kitanda, nikakitandua kwa ajili ya mkunjo mmoja, kisha nikachelewa shule. Anko alipokuwa kazini nilijifunza peke yangu, nikipiga hadi vidole vya mguu vikafa ganzi, na mpira wa pembeni ulinitia aibu hata kama hakuna aliyeuona.

Wakesho alitumia mguu wa kushoto. Mpira wake ulipinda mwishoni kabisa na kupita ubavuni mwa chuma. Kila mara aligeuka kunitazama.

"Hiyo je?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Bure kabisa."

Akaukimbilia, soksi zimemshuka, akarudi anacheka.

Kiangazi kilipokwisha, Anko alipata kazi Norwe. Alisema tucheze sisi wawili Jumamosi wakati yeye anafunga mizigo, na atakayeshinda abaki na mpira. Wakesho alikuwa ameshautengea sanduku la viatu ambamo usingeweza kuenea. Mimi niliutaka mpaka nikashindwa kula.

Nilifunga mara mbili, yeye mara moja. Lakini mipira yake ya pembeni nilikuwa nikiihesabu kimoyomoyo, hadi nilipoona kwa pointi zake ananipita. Hapo nikaacha kuhesabu. Sasa ilikuwa hila.

Anko alitupokea mlangoni, kifuani ana vumbi la makabati. Nilimpa matokeo: mawili kwa moja. Akauliza kwa Kiingereza, "Na za pembeni?"

"Hakuna," nikamjibu.

Wakesho alinivuta mkono wa shati. "Kaka, anasema nini?"

"Anasema umecheza vizuri."

Uso wake uling'aa. Akamshukuru kwa neno la Kiswidi alilolijua, huku Anko akinikabidhi mpira.

Baada ya hapo Wakesho hakupiga tena. Alikaa kwenye ngazi za uani akinirudishia mpira, nami nikawa hodari. Nilipokua, Anko, aliyekuwa amesharudi kwao, ndiye aliyeniombea majaribio kwenye timu hii.

Katika mojawapo ya mechi zangu za mwanzo nilipata nafasi karibu kabisa na goli, nikapeleka mpira pembeni. Nilitamani ardhi inimeze. Mwenzangu akanipiga begani na kusema moja ni moja, na kweli ubao ukabadilika. Ndipo nilipoelewa nilichomfanyia Wakesho: kiangazi kizima alikuwa akipata pointi, nami nikimwambia ni bure.

Likizo iliyopita nilimweleza yote jikoni kwa Mama, aliyehamia Tumba, huko huko Uswidi. Wakesho alikuwa akimenya viazi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo nilishinda?"

"Ulishinda."

Alimenya kiazi kingine, akakitia majini.

"Ningeendelea kucheza," akasema.

Nilitoa mpira wa Anko begini mwangu, nikamwachia. Mpira ule sasa uko chumbani kwake, juu ya kabati, umesinyaa kidogo. Na mimi nikipiga pembeni, nahesabu moja.