Mchele wa Mwenye Baa

Mimi sikusoma sheria. Niliishia kidato cha nne, na Uraia nilipata C. Lakini najua aliyemuua binti yangu hakuwa mtu mmoja.

Aliyeendesha pikipiki alikuwa mchimbaji. Duara lao, shimo wanalochimba, lilikuwa limetema dhahabu wiki ile, na hapa Rwamgasa duara likitema baa hujaa tangu asubuhi. Baa ile ina utaratibu wake: mteja mwenye pikipiki akiingia anakabidhi ufunguo kaunta, unatundikwa kwenye msumari ukutani. Harudishiwi mpaka pombe imtoke. Mwenye baa, mama mtu mzima, alijisifia utaratibu huo hadi kanisani.

Siku ile, kama nilivyosimuliwa na waliokuwepo, saa saba mchana, mchimbaji akadai ufunguo wake huku ameshikilia meza asianguke. Dada wa kaunta akakataa. Jamaa akatukana, akapindua kiti. Mwenye baa akachungulia kutoka jikoni, akasema, "Mpe aende zake, anatufukuzia wateja."

Binti yangu alikuwa anatoka shule. Darasa la kwanza. Nilimkuta kando ya barabara na kiatu kimoja. Kingine hakikuonekana. Mpaka leo nikipita pale nakitafuta, mjinga mimi.

Mchimbaji yuko mahabusu, na akae huko. Nilimtaka na mwenye baa.

Lakini msibani alifika hata kabla ya ndugu zangu wa Shinyanga. Alileta gunia la mchele, mafuta, kreti za soda. Akajifunga kanga, akalia kunishinda mimi. Baba mkwe akapokea, akamshukuru mbele za watu. Mama mkwe akanibembeleza, "Kula mwanangu, vijiko viwili tu." Nikala.

Vijiko hivyo viwili ndivyo vilivyokuja kunifunga mdomo. Nilipokwenda ofisi ya kijiji kumshtaki, mtendaji alisema, "Mama, huyu alishiriki msiba wako. Mkapokea, mkala. Jambo likifika hapo limekwisha. Unataka nini tena?"

"Nataka iandikwe kwamba alimpa mlevi ufunguo."

"Yeye anauza bia. Haendeshi pikipiki."

Nikarudi nyumbani. Mchele ulikuwa umebaki nusu gunia. Mume wangu akaniona nafunga kamba.

"Unaupeleka wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Watasema umechanganyikiwa."

"Waseme."

Akainama, akanitwika.

Nilipoingia baa wachimbaji walinigeukia. Mmoja akanong'ona, "Leo kuna pilau?" Mwenzake akampiga kiwiko. Nikautua mchele juu ya kaunta, puu!

"Ng'wanawane," mwenye baa akaniita kwa Kisukuma, kana kwamba kweli mimi ni mwanawe, "rambirambi hairudishwi. Unajitafutia mkosi."

"Mkosi gani umebaki, mama? Nionyeshe."

Nikamwonyesha msumari. "Na ule uliupigilia wa nini?"

Akaanza kulisogeza lile gunia, eti linaziba kaunta.

Nilikuwa nimeshavuka barabara niliposikia mtu ananikimbilia. Dada wa kaunta. Mdogo kuliko mimi, bado ana kitambaa cha kufutia meza mkononi.

"Dada, mimi nilikataa. Haki ya Mungu nilikataa. Yeye ndiye aliyesema mpe."

"Utayasema hayo polisi?"

"Twende."

"Atakufukuza kazi."

"Ameshanifukuza. Hukumsikia anavyonipigia kelele?"

Askari aliandika polepole, kisha akasoma kwa sauti: "Mpe aende zake, anatufukuzia wateja." Sikuwahi kuyasikia maneno yale kwa masikio yangu. Yalivyotoka kwenye karatasi, nikakaa chini kwenye sakafu ya kituo.

"Siahidi kitu," askari alisema. "Kesi ya mwenye baa kwa kosa la mlevi wake sijawahi kuiona hapa. Ila nimeandika."

Kisha akageuza ukurasa. "Na wewe ni mama nani?"

Mtaani, tangu mazishi, watu wameacha kuniita kwa jina la mwanangu. Wanasema "dada", au wanakohoa tu. Nikalitaja. Nikamtajia herufi moja moja, asije akalikosea.