Saa Ishirini na Tatu Zisizokubaliana

Mgeni alikaa nasi siku tisa, akaondoka akitufahamu kuliko tunavyojifahamu. Hilo halikunishangaza, mimi mwenyewe nimewahi kukaa wiki mbili katika nchi ya watu nikarudi na mhadhara. Kinachonisumbua hadi leo ni moyo mkunjufu niliomsaidia nao.

Alitaka kuona maisha ya kawaida. Nikampeleka kwa rafiki yangu fundi saa, mtu wa miaka hamsini na ushee, ambaye kibanda chake kina upana wa mlango mmoja na nusu: meza, taa ya shingo ndefu, na ukutani saa ishirini na tatu. Zote zilikuwa zikienda. Hapakuwa na mbili zilizosema jambo moja.

"Muulize kwa nini hazikubaliani," mgeni aliniambia.

Fundi hakuinua uso. Jicho lake moja lilikuwa limebana lenzi. "Mwambie zimetoka nyumba mbalimbali. Ukiwafungia mawifi ishirini na watatu chumba kimoja, utapata kauli moja?"

Mkewe, aliyekuwa akifuta vioo mlangoni, alicheka hadi akaketi. Mimi nilitafsiri maneno, kicheko nikakiacha. Mgeni alikuwa ameshatoa daftari, nami nadhani niliona haya kumharibia.

Makala yake ilinifikia miezi miwili baadaye. "Katika mji ule," aliandika, "hata fundi saa hatawaliwi na saa. Kila moja huachwa iseme wakati wake, kama ndugu wanaoheshimiana." Niliisoma mara tatu. Shahada yangu ni ya fasihi, na udhaifu wangu mbele ya sentensi nzuri haujapata dawa. Nikaitafsiri, nikaipeleka kwenye gazeti la mji, ikatoka na jina langu kwa herufi nene. Nilikuwa nimeketi katika kibanda kile kila Jumamosi kwa miaka kumi na minne, na sikuwahi kuuliza swali aliloliuliza mgeni kwa dakika moja.

Gazeti lilitoka wakati mbaya. Halmashauri ilikuwa ikitafuta mtu wa kufufua saa ya mnara wa soko, iliyolala miaka kumi na mmoja, na Fundi alikuwa ameomba. Marehemu mjomba wake ndiye aliyeitunza saa ile, na yeye alijifunza ufundi humo mnarani. Tangu ilipokufa, kila akipita sokoni alitazama chini, kama daktari anayepita mbele ya mgonjwa aliyekatazwa kumtibu.

Karani wa halmashauri alikuja na gazeti kwapani.

"Fundi, kazi yako tunaijua. Ila hili limeandikwa."

"Limeandikwa na nani?"

Karani akanitazama. Mimi nikaitazama taa.

"Kamati inakuja Alhamisi saa nne. Wakikuta ukuta umekaa hivi, sitakuwa na mdomo wa kukutetea."

Alipoondoka, ndipo Fundi aliponieleza, taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Kila saa akimaliza kuitengeneza huianzisha kwenye saa sita kamili, iwe asubuhi au jioni, na kuandika kwenye karatasi muda halisi alioianzisha. Kesho yake, muda uleule, huitazama. Ikionyesha sita kamili, imepona. Ikipungua hata dakika, inarudi mezani. Siku saba mfululizo. Kwa hiyo zile saa ishirini na tatu hazikuwa na uhuru wowote. Zilikuwa wodini.

"Haya, msomi," mkewe alisema, "itafsiri na hiyo."

Nilijaribu. Mhariri aliniuliza masahihisho yangu yana nini cha kuvutia. Nikasema yana ukweli. Akauliza kama yana picha.

"Zisawazishe kwa asubuhi moja tu, mume wangu."

"Tisa ziko siku ya tano na ya sita. Moja ni ya muuguzi, anahesabia mapigo ya wagonjwa. Niiguse mishale nianze upya? Nitawaeleza kamati. Ni watu wazima."

"Ni watu wa kamati," mkewe alimrekebisha.

Mwishowe mkewe ndiye aliyeamua. Alhamisi asubuhi tulizihamisha saa zote nyuma ya pazia, kwenye chumba chao cha kulala, tukizibeba wima bila kugusa mshale. Ukutani tukatundika nyingine nane zilizokwisha kupona na kuwekwa saa halisi, zinazosubiri wenyewe, zote zikisema jambo moja. Fundi alizitazama kama mtu aliyevalishwa koti la mwenzake.

Kamati iliyotakiwa saa nne ilifika saa tano na dakika arobaini. Mwenyekiti alilinganisha ukuta na simu yake, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Sasa hapa ni kwa fundi saa!"

"Mzee, kwa kweli zile nyingine..." Fundi alianza, mkewe akamkanyaga. Nyuma ya pazia saa ikagonga tisa.

"Hiyo nini?"

"Ya jirani," alijibu mkewe. "Hanaga adabu."

Kazi wakampa palepale.

Alipanda mnarani kwa wiki tatu. Siku aliyomaliza ilikuwa Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, soko limefurika. Tulisikia chuma kikikoroma, kisha mshale mkubwa ukasogea, watu wakapiga vigelegele. Ukazunguka, ukakutana na mdogo juu kabisa, kwenye saa sita kamili, na kutoka hapo ukaanza mwendo wake wa kawaida.

Vigelegele vilikatika. Karani alikuja mbio akishikilia kofia.

"Fundi! Umekosea! Ni saa mbili!"

Kichwa kilitokeza kwenye kidirisha cha mnara. "Najua ni saa mbili na robo!"

"Sasa?"

"Siku saba!"

"Mwenyekiti anapita hapa saa nne!"

"Mwambie aje na simu yake!" Kidirisha kikafungwa.

Watu walinigeukia, kwa kuwa mimi ndiye ninayejulikana kwa kueleza mambo. Muuza vitunguu alinishika mkono. "Mwalimu, huyu ana maana gani?"

Nilikuwa na sentensi tayari, tena nzuri. Niliimeza.

"Ngazi iko kule nyuma," nilimwambia. "Panda ukamuulize."