Siku Amplifaya Yangu Iliota Moto Harusini

Aibu yangu ilianza mwaka wa 2003, nikiwa na miaka hamsini na mbili, na mtu asiniambie eti ni shetani, ni mimi mwenyewe na hiki kichwa kigumu. Shule niliacha darasa la nne. Redio nilijifundisha kwa kufungua za wenyewe (zingine zilikataa kufungika tena), mpaka hapa Kitengela mtu akisema fundi, anamaanisha mimi.

Nilikuwa na amplifaya kubwa ya zamani, zile za valvu, zile taa za kioo ambazo lazima ziwake nyekundu ndani ndipo sauti itoke. Sauti yenyewe nzito, tamu, si kama hizi za siku hizi zinazolia kama bati. Sasa Mwende, kifungua mimba wangu, alipochumbiwa na kijana wa Kimana, nilisimama kanisani nikatangaza kwamba harusi ya binti yangu hakuna kukodi muziki, baba yake yuko. Wakwe ni wakulima wa vitunguu, watu wako na mali, na walikuwa wameanza kuuliza kwa upole kama mimi nafanya kazi ama nacheza na nyaya. Heshima yangu yote ikawa ndani ya hilo sanduku.

Wiki ya harusi transfoma ikaungua, upande ule tu wa kuwasha valvu. Mtu mwenye akili angeipeleka Nairobi isukwe upya. Mimi nikaangalia pawa saplai ya kompyuta iliyokufa, nyepesi kama mkate, nikasema, kwani hii si umeme pia? Nikapanga valvu mbili mbili zigawane volti kumi na mbili, nikazichomeka jozi moja moja huku umeme umewashwa (usijaribu hiyo kwako). Zikawaka zote. Nikazima, nikawasha, zikawaka tena.

"Mama Mwende, kuja uone," nikaita mke wangu. "Hata haina uzito."

"Kitu haina uzito hupeperushwa," akasema, akarudi kwa mahindi yake.

Siku yenyewe ilikuwa Julai, na mnajua baridi na upepo wa Kitengela wa Julai. Hema lilikuwa uwanjani kwangu, amplifaya nyuma yake, spika mbele, wakwe wamekaa safu ya kwanza. Pasta akashika maikrofoni, nikawasha, nikaja mbele kusikiliza. Tik. Tik. Tik. Hakuna kingine.

Baba Karanja, baba ya bwana harusi, akageuka akaniuliza, "Mkwe, hiyo ni redio ama ni saa?"

Watu wakacheka. Pasta akanirudishia maikrofoni, akaanza kuhubiri na koo yake. Nikaitia mfukoni mwa koti nikakimbilia nyuma, na hapo ndipo nilielewa. Valvu baridi inakunywa umeme kushinda valvu moto, na hiyo pawa saplai ikiombwa mwingi kwa mara moja inajifunga, inajaribu, inajifunga. Siku ya kujaribu nilikuwa naziwasha jozi jozi, tena bado ziko moto. Sasa zilikuwa zimelala nje kwa baridi usiku mzima.

Basi dawa ni kuzipasha moto. Nikaenda kwa wapishi nikachukua jiko la makaa, nikaliweka kando ya amplifaya, nikaifunika na leso. Mke wangu akanifuata.

"Baba Mwende, hiyo ni ya kuchoma ama ya kuchemsha?"

Nikapepea makaa. Baadaye kidogo ile tik tik ikaisha. Kimya. Nikajua imekufa kabisa (na mimi fundi mzima, nikasahau valvu huchukua muda kabla ya kutoa sauti).

"Si ungekodi tu?" akasema.

"Nikodi, ndio hawa watu wa vitunguu waseme sina kitu? Tangu wafike wanaangalia boma yangu kama wanainunua. Na huyo mzee wao amekaa kwa kiti upande upande, sijui anaogopa kuchafuka."

Nilisikia sauti ikitoka mbele ya hema, nzito, tamu. Ilikuwa yangu. Pasta alikuwa amenyamaza.

"Mbona wamenyamaza?" nikauliza, na hiyo pia ikatoka kwa spika.

Baba Karanja akazunguka hema polepole. Akaangalia jiko, akaangalia leso, akanyoosha mkono. Nikaitoa ile maikrofoni mfukoni nikampa. Nilikuwa namwaza Mwende na shela yake, kwamba nimemvunjia ndoa kabla ya kiapo.

"Watu wa vitunguu wamefika," akasema, na uwanja wote ukasikia. "Sauti ya mkwe iko sawa, hata Kimana wamesikia. Na mimi nimekaa upande upande kwa sababu kiti alinipatia kina miguu mitatu."

Mwende ndiye alicheka wa kwanza, akiwa ameshikilia shela, halafu uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Wakafunga ndoa. Kabla ya chakula wazee walikaa wakanitoza ndume ya mbuzi, niipeleke Kimana mimi mwenyewe, na nikaipeleka. Nikarudishwa na gunia la vitunguu.

Tangu siku hiyo sijaweka pawa saplai ya kompyuta ndani ya kitu yoyote isipokuwa kompyuta. Leo niko na ploti hapa Kitengela, vyumba vya kupangisha, duka la ufundi, wajukuu wananukia vitunguu, na ile amplifaya na transfoma yake iliyosukwa upya, nzito mpaka mgongo unalia. Na viti. Vyote vya miguu minne.