Kutembea Tu, Wakati wa Mafua Makubwa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu niliosoma nao sekondari walitawanyika Tabora na Dar es Salaam kutafuta ukubwa. Mimi nilirudi Sumbawanga wino wa cheti haujakauka, nikapata ukarani katika duka la tajiri mmoja wa Kiislamu mwenye malori, na kila jioni kabla kuku hawajaingia bandani nilikuwa nyumbani Milanzi, nimeshakaa kwenye kigoda changu. Kwa hiyo niliponunua pikipiki, watu walicheka. Mzungu mmoja mpima ardhi alikuwa anarudi kwao, akaniuzia pamoja na koti lake refu la kaki na miwani ya vumbi.

"Karani," tajiri wangu akaniuliza, "utakwenda wapi na kitu hicho? Wewe hata posta, hapo tu, unatuma mtu."

Sikuwa na pa kwenda. Ndiyo ilikuwa raha yenyewe. Jumapili baada ya misa na chakula naiwasha, napita kijiji cha Pito, naingia uwanda wazi, majani pande zote na upepo wa baridi unaouma mpaka kwenye meno. Naendelea hivyo mpaka nianze kupakumbuka nyumbani, halafu nageuza. Nyumbani nilikuwa napakumbuka mapema.

Nyumba ilikuwa ya watu wawili, mimi na bibi yangu mzaa mama, aliyenilea. Aliniita mume wangu, kama bibi wengine wanavyowaita wajukuu zao, ila yeye alidai haki zake zote za mke: kuni, ugoro, na maelezo kamili ya nilikokuwa. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani. Kila msimu wa kipupwe kilipiga mluzi, na daktari wa hospitali alikuwa ameniambia waziwazi kwamba homa moja kali ya kifua itaondoka naye.

Ndipo yakaja mafua makubwa. Watu wa malori walisema yamepanda na abiria wa boti kutoka Kasanga, ziwani. Watu wa Kasanga walisema yameshuka na malori. Shule zikafungwa. Kanisani tukakaa mbalimbali, tukikohoa kwa aibu. Serikali ikatangaza sokoni kwamba watu wasikusanyike, na mpiga mbiu alipomaliza kutangaza alikuwa amekusanya soko zima.

"Mume wangu," bibi akasema, "hicho kidude chako sasa kipumzike."

"Bibi, mimi sikusanyiki na mtu. Nipo peke yangu juu ya pikipiki. Mafua yatanikamatia wapi, na mwendo ule?"

"Mwendo upi? Juzi mbuzi alikupita."

"Alikuwa anateremka."

"Na wewe ulikuwa unateremka."

Nikamweleza habari za upepo na hewa safi, kwa kirefu, maana hoja za mtu wa sekondari hazijui ufupi. Lakini ukweli ulikuwa kwenye miguu yangu. Mimi ambaye harusi za watu nilikwenda kwa kuburutwa, nilipoambiwa nikae nyumbani tu, nyumba ikaanza kuniwasha. Nilihamisha kigoda kutoka mlangoni mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka uani. Nilifuta tangi la pikipiki mpaka rangi ikaanza kutoka. Usiku nageuka, mchana naguna. Bibi akachoka.

"Basi nenda. Lakini ukirudi na watu kwenye hilo koti, humu ndani hulali."

Nikaenda. Kijiji kidogo mbele ya Pito, pikipiki ndiyo iliyokohoa kwanza. Plagi ilikuwa imejaa masizi. Nikavua miwani, nikachutama kuifungua. Nilipoinua macho watu walikuwa wanatoka majumbani, si watoto wanaokimbia na kelele kama siku zote, ila watu wazima, polepole, wakiwa wamebeba wenzao kwenye mablanketi. Wakawapanga kwenye mikeka kandokando ya barabara. Wengine walikuwa wanakunja mikono ya shati.

Jumbe wao, mzee mwembamba, akachutama mbele yangu na kupiga makofi taratibu kwa salamu. Nami nimelelewa, nikachutama nikapiga makofi. Salamu za Kifipa hazikimbizwi. Tuliulizana habari za nyumba, za shamba, za ng'ombe ambao mimi sina, tukipumuliana usoni.

"Tulikuwa tunakungojea, Bwana Afya," akasema mwishowe.

Nikaelewa. Siku zile pikipiki haikufika kijijini bure. Ilileta kodi, au sindano, au padri anayewahi mtu wa kufa. Na koti la kaki lilimaliza ubishi.

"Baba, mimi si Bwana Afya."

"Basi msaidizi wake."

"Mimi ni karani wa duka."

"Umetumwa na duka?"

"Sikutumwa na mtu."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kutembea."

"Kutembea kwenda wapi?"

"Kutembea tu, baba."

Akageuka kuwafasiria kwa Kifipa, ingawa Kifipa nakijua vizuri kuliko nilivyojua pa kuficha uso. Maneno mawili yale yalimchukua muda. Mama mmoja aliyejifunika blanketi akauliza swali, wote wakacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kutoka mkeka wa kwanza mpaka wa mwisho.

"Anauliza," jumbe akaniambia kwa Kiswahili, kwa heshima, "kwenu hakuna pa kukaa?"

Wakataka nifungue mkoba uliokuwa nyuma ya pikipiki. Ndani kulikuwa na viazi vya kuchemsha na chupa ya chai. Jumbe akakigeuza kiazi kimoja mkononi.

"Dawa za Mwingereza siku hizi zimenenepa," akasema.

Nikawaachia viazi na chai. Plagi nikaisugua kwa mchanga, nikairudisha, lakini pikipiki ikakataa mpaka isukumwe. Wote waliokuwa na nguvu wakaja kusukuma, mikono yao mgongoni mwangu, pumzi zao shingoni. Sijawahi kusaidiwa kwa upendo nikaogopa namna ile.

Bibi alikuwa mlangoni niliporudi.

"Umerudi na watu?"

"Kijiji kizima, bibi."

Hakucheka. Akafunga mlango, na mimi nikahamia kwenye kibanda cha pikipiki, kilichoegemea ukuta wa nyumba.

Homa ilinikuta humo, ikanitikisa mpaka tairi likawa linatingishika niliposhika. Bibi alikuwa anaweka bakuli la uji juu ya kiti cha pikipiki, anagonga ukuta kwa fimbo, anaondoka. Kila nikiamka nilisikiliza kwanza kifua chake kupitia ukuta. Mluzi ule nilioudharau miaka yote sasa niliutafuta kwa sikio: je, ni uleule, au umezidi? Nilitaka kukimbilia ndani nimtazame. Ningeingia, ningempelekea kile kilichonilaza mimi.

"Mume wangu!" alikuwa akiita kutoka upande wa pili. "Leo umetembea mpaka wapi?"

"Mpaka taa ya nyuma."

"Pole na safari."

Siku nilipoweza kusimama nilichomoa plagi, nikaiacha kwenye bakuli tupu. Akaichemsha pamoja na bakuli, kisha akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

Nilipona, nikaruhusiwa ndani, lakini mafua yalikuwa bado yanazunguka. Pito walizika, mjini tulizika. Na mimi, niliyeyaona, miguu ilikuwa inaniwasha vilevile.

"Mke wangu, ile plagi."

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Ndani. Inapenda kukaa nyumbani, kama wewe."

Shule zilifunguliwa mvua za kwanza zilipokaribia. Jumapili ile bibi akatoka na kanga yake ya kanisani, akafungua fundo kwa meno, akanipa plagi.

"Tia."

Nikatia. Akapanda nyuma, upande, akashika koti.

"Bibi, shuka. Upepo wa huko, na kifua chako..."

"Nimekilinda wewe usikiue. Sasa nataka kukitumia."

"Twende wapi?"

"Kutembea tu."

Tukapita Pito, tukaingia uwanda. Mara nikasikia kifua chake kikinigonga mgongoni, vipande vipande, bila pumzi katikati. Nikashika breki mpaka tukayumba, nikageuka.

Alikuwa anacheka. Machozi ya upepo yalikuwa yamemfika masikioni.

"Mbona umesimama, mume wangu?" akasema. "Mbuzi atatupita."