Filimbi Fupi ya Bouziane

Miaka kumi na tisa Bouziane alimpigia mwimbaji Bi Kheira filimbi ile ile ndefu, yenye sauti nzito, kwenye harusi za Relizane. Mchana huu, wageni wamekwisha kaa, alichomoa filimbi fupi kutoka kwenye podo lake la ngozi. Kheira alimwinamia sikioni.

"Kaka, umekosea. Hiyo ya sauti za juu, itanipasua koo."

"Sijakosea, dada. Watu wamechoka na mngurumo wa vikongwe."

"Watu gani? Au Setti ndiye aliyechoka kungoja nafasi yangu?"

Bouziane akacheka bila kumtazama. Setti, binti aliyefundishwa kuimba na Kheira mwenyewe, alikuwa ameketi mstari wa mbele na kanzu yake ya jukwaani, akinywa maji ya uvuguvugu funda moja moja, kama anywavyo mtu anayejiandaa kuimba.

Kheira akamgeukia Miloud, mpiga filimbi wa pili, ndugu wa Kheira wa tumbo moja. Miloud aliinamisha kichwa, naye akachomoa fupi.

Kukataa kuimba mbele ya wageni wa mwenye harusi ni kujizika Relizane nzima. Filimbi zikalia, juu mno. Setti akaweka bilauri chini. Kheira akafumbua kinywa.