Daktari Anayesubiri Amina

Wiki iliyopita nilimsindikiza jirani yangu, mama wa Kikongo, kwa daktari wa meno hapa Reynoldsburg, Ohio. Nilikwenda kumtafsiria, ila sikupata nafasi.

Mama huyu haguswi jino kabla hajaomba. Mwaka jana, alipohamia huku kutoka Louisville, Kentucky, daktari mwingine wa hapa alimkuta kitini amefumba macho, kafunga mdomo, anamwomba Mungu kimoyomoyo. Yule bwana akavua glavu, akaandika kwamba mgonjwa amekataa matibabu. Jino likaendelea kumtesa.

Safari hii aliingia daktari mwanamke, Mmarekani. Mama akajishika kifua.

“Ee Yesu! Ni ule dokta wangu wa Louisville! Umuulize, donc, banamuruhusu kutibu na huku?”

Kabla sijatafsiri, daktari, aliyelisikia jina la Louisville, alinyoosha kidole kwenye leseni iliyotundikwa ukutani. Aliniambia kwamba Ohio imeikubali leseni yake ya Kentucky. Kisha akashusha barakoa, akainamisha kichwa na kutamka Kiswahili chake chote: “Tuombe, mama.”

Maombi yalikuwa marefu. Mama alishukuru kwa safari, kwa wajukuu, na “kwa bakubwa benye balisaini ile leseni, juu bameona meno ya Ohio na ya Kentucky ni ileile.” Mimi kulieleza hilo ningejaza ukurasa mzima, yeye alilimaliza kwa pumzi moja.

Daktari alisubiri tu, mikono mapajani. Aliposikia amina, naye akaitikia. Ndipo mama akafungua mdomo, mpaka magego yakaonekana.