Serikali Ilipohamia Chumbani Kwangu

Nilipokuwa kijana nilibeba mizigo Horohoro, pale mpakani, mabasi ya Mombasa yanaposimama watu wakashuka kugongewa mihuri. Siku moja akaja mtu na mlango kichwani. Mlango mtupu, wa mvule, na bawaba zake, mzito hata shingo yake imezama. Afisa akamuuliza nyumba iko wapi. Akasema nyumba bado, ameanza na mlango. Wakabishana hapo mpaka jua likawa la utosi, kama ule mlango ni samani, au ni mbao, au ni kipande cha jengo. Yule mtu akanigeukia, akasema, "Nishikie kidogo, nakwenda kunywa maji."

Niliushika mpaka jioni. Akaja afisa wa zamu nyingine, akauliza mlango wa nani. Nikasema wa mtu aliyekwenda kunywa maji. Akasema basi ondoka nao, unaziba njia.

Ndivyo nilivyoupata. Nilioa nikiwa na mlango na sina nyumba, na mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia wenziwe kwamba yeye hakuolewa, amelindishwa mlango. Tulipopata chumba Makorora, bibi mwenye nyumba alikuwa ametundika gunia tu mlangoni, akafurahi sana. Akasema, mlango wako, chumba changu. Tukaishi hivyo miaka mingi, yeye hapandishi kodi, mimi sing'oi mlango. Huyo bibi alikuwa na paka asiyekula samaki, Tanga nzima hujapata kuona, lakini ya paka tuyaache.

Bibi akafariki, nyumba ikamwangukia mjukuu wake. Kijana wa adabu, shikamoo haimkauki mdomoni. Akairithi na nyumba ya mkabala, ambayo chumba chake cha mbele kilikuwa ofisi ya serikali ya mtaa. Kijana akasikia kwamba wageni wa bomba la mafuta watajaa mjini na watapanga kwa bei yoyote. Sisi mtaani kwetu hao wageni hatukuwaona, ila kodi iliwaona. Ikapanda, ikapanda tena, kisha ikatakiwa ya miezi sita kwa mkupuo.

"Shikamoo babu," ananiambia kila asubuhi, "mwisho wa mwezi utanipa au utanipisha?"

Mimi nashona viatu kibarazani. Miezi sita kwa mkupuo ningeitoa wapi? Na mtu wa umri wangu akitoka chumba alichofia mkewe, anakwenda kuanzia wapi?

Basi wapangaji tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Aliyetusemea ni mama muuza vitumbua, jirani yangu wa chumba cha pili, mwanamke mwenye sauti ya kuita pantoni kutoka ng'ambo ya Pangani. Akaeleza kwamba tunataka serikali iwaweke kitako wenye nyumba, kodi ilipwe mwezi kwa mwezi, na isipandishwe kwa ajili ya watu ambao hawajafika. Mwenyekiti anaitikia kwa kichwa. Katikati ya maelezo akaingia yule kijana na fundi. Akamwamkia kila mwenye mvi, kisha akamwonyesha fundi mlango wa ofisi. Fundi akaanza kufungua bawaba. Maana wapo wenye nyumba ambao wakikuchoka hawakufukuzi, wanaondoka na mlango, halafu aibu na wezi wanamalizia kazi.

Sote tukageuka kutazama. Mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda.

"Kwani na wewe umepanga, mwenyekiti?" mama akamuuliza.

"Serikali haipangi," akasema. "Inakaa kwa muda."

Mlango ukatoka.

Jioni ile mwenyekiti akaja kwangu. Hakunijia mimi, aliujia mlango. Akaugonga kwa kiganja, akausifu, akaomba niihifadhi ofisi mpaka mambo yatengemae. Nikakubali upesi, na nasema kweli, si kwa wema. Niliwaza, serikali ikiwa imekaa chumbani kwangu, nani atathubutu kunitoa?

Wakaingiza meza, kiti na kabati la mihuri, bendera wakaichomeka dirishani. Benchi halikupata nafasi, kwa hiyo wananchi wakawa wanangojea zamu juu ya kitanda changu. Walioibiwa kuku, waliogombea ukuta, waliotaka barua za utambulisho. Kila asubuhi sharti niwe nimetandika kabla ofisi haijafunguliwa. Nikirudi ndani kufuata uzi wangu naambiwa nipige hodi. Siku moja nilikuta mume na mke wanasuluhishwa, na yule mume amevaa kandambili zangu. Mwenyekiti lakini si mtu mbaya. Alikuwa ananiwekea chai, ingawa chai yenyewe ni yangu.

Kijana akaja. Akaitazama bendera kwa muda.

"Shikamoo babu. Hiki sasa si chumba cha kulala, ni ofisi. Ofisi ina kodi yake."

Nayo ilikuwa juu zaidi. Mwenyekiti akaitisha mkutano pale pale, wengine kitandani, wengine ukumbini, mama amesimama nje dirishani ubavuni mwa bendera. Mwenyekiti akasema ameongea na mwenye nyumba na wameelewana. Kila mpangaji atachangia kodi ya ofisi, miezi sita kwa mkupuo, na ofisi ikishatulia mahali pamoja, jambo la kwanza itakaloshughulikia ni kodi zetu. Watu wakafikiri. Mmoja akasema ni haki, ofisi isiyo na pa kukaa itamsaidiaje asiye na pa kukaa. Mikono ikanyooshwa. Nami nikanyoosha, kwa sababu kitanda kizima kilinyoosha.

Halafu nikakumbuka kuna jambo halikusemwa. Nikaomba kuuliza. Nikaambiwa nifuate foleni. Nikakaa ukingoni mwa kitanda changu, nyuma ya mtu mwenye kesi ya mbuzi. Mbuzi alisikilizwa vizuri sana. Ikafika zamu yangu.

"Shida yako, mzee wangu?"

"Chumba. Sijui nitakaa wapi."

"Kwa sasa unaishi wapi?"

"Hapa."

Mwenyekiti akatazama kitanda, akatazama kanzu yangu msumarini, akasikitika, na nilimwona kwamba anasikitika kweli.

"Hapa ni ofisi, mzee. Ofisini haishi mtu. Hebu ngoja niwamalize hawa, nitakusikiliza tena."

"Mpeni basi hata barua ya kulala," mama akasema kutoka dirishani. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana ilichekesha.

Nikarudi mwisho wa foleni, miguuni mwa kitanda. Nikatungua kanzu yangu. Aliyekaa kando yangu nikamwambia, "Nishikie nafasi, nakwenda kunywa maji." Nikaurudishia mlango taratibu usije ukawakatiza, nikashika njia ya stendi, nikapanda gari la kwenda Mkwaja kwa mtoto wa dada yangu. Makorora sijakanyaga tena.